Anajiona

Raba zilikuwa nyeupe. Nalisema hilo mapema kwa sababu yeyote anayeijua njia ya kutoka mjini Kwale hadi kwetu Mkongani, kwa bodaboda, mwezi wa Desemba, atajua upumbavu wake. Kabla sijaingia uani nilisimama kwenye kona ya choo, nikatoa kitambaa mfukoni, nikazifuta. Kisha nikapita kama mtu aliyefika kwa miguu isiyogusa ardhi.

Bibi alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu." Bibi zetu hutuita waume zao, ni utani wa tangu na tangu. Akanitazama kuanzia chini kwenda juu, tofauti na watu wengine, na macho yalichelewa sana pale chini. "Umerudi kutusalimu au umerudi kujishaua?"

Nilicheka. Mama naye akacheka. Nikampa bibi leso niliyomletea, maneno yakaishia hapo. Ilinichukua miaka kadhaa kulisikia lile neno, na hii makala ni matokeo ya kulisikia.

Kuna jambo lazima nieleze ili uelewe. Mwaka 2018, nilipopata nafasi ya chuo, harambee ilifanyika kwetu chini ya mwembe. Baba alikuwa mpishi wa hoteli moja kule Diani, mshahara wa msimu: watalii wakija tunakula, wasipokuja tunasubiri. Kwa hivyo kijiji kikaitwa. Kuna daftari la ile siku, la mistari, liko ndani ya sanduku la mama mpaka leo. Jirani yetu alileta mbuzi (mbuzi wa miguu minne sasa), akauzwa hapo hapo. Kuna aliyeleta nazi hamsini. Mwanamke anayeuza maandazi karibu na shule alitoa shilingi 50 na akaomba jina lake lisisomwe. Likasomwa, manake msomaji alikuwa keshazoea kusoma kila kitu. Jumla ilikuwa 73,450.

Mwaka wa pili, sehemu kubwa ya kilichobaki ilikuwa imegeuka simu, zile raba, keja yenye sofa, na usiku mmoja ambao nililipia meza nzima ya marafiki kwa sababu msichana fulani alikuwa ameketi meza ya pili. Karo haikulipwa, mtihani sikufanya, chuo nikaacha. Chuo hakina kosa. Sitaki huruma yako hapa, nataka tu ujue ninapozungumza kuhusu majivuno sizungumzi kama mtu aliyesoma kitabu.

Basi nilianza kukusanya maneno. Kazi yangu ni kuandika, na mtu wa maneno akiumizwa na neno hulipeleleza. Hebu chukua karatasi uyaandike: kujishaua, kujiona, kujisikia, kujidai, kujigamba, kujitapa, kujivuna, kujikweza, kujinaki, kujitia. Wabongo wameongeza kujinata na kujimwambafai. Yapo mengine nje ya safu hii, maringo, mbwembwe, madaha, makeke, ila hayo naona ni zaidi ya mwendo na mwili: unaweza kumwona mtu wa maringo kutoka mbali kabla hajafungua mdomo. Lakini kundi kubwa, lile la kuuma, lote lina -ji-. Kitendo kinatoka kwa mtu na kumrudia mwenyewe, kama kujinyoa, kama kujikata.

Na hapo ndipo lugha yetu inatudanganya kidogo. Mtu anaweza kujinyoa peke yake. Hawezi kujishaua peke yake. Nilipokuwa na zile raba chumbani, nimefunga mlango, simu imezimwa, zilikuwa viatu tu, tena zinabana. Zikawa kitu kingine pale jicho la pili lilipoingia. Majivuno ni biashara ya watu wawili, anayeonyesha na anayetazama, lakini neno linamshika mmoja na kumwachilia mwingine aende zake.

Tena angalia neno "kujiona". Ukilichukua lilivyo, kujiona ni jambo zuri, ni kile ambacho wahenga na wanafalsafa wamekuwa wakitusihi tukifanye: jitazame, jijue. Lakini sisi tukisema "yule anajiona" tuna maana kwamba hajioni kabisa. Anachokiona ni picha yake iliyo kwenye macho ya wengine. "Kushaua" nako, bila -ji-, wazee wanaolitumia humaanisha kumwonyesha mtu kitu, kumtamanisha, halafu usimpe. Ukilirudishia -ji- yake, basi anayejishaua ni mtu anayejitamanisha maisha na kujinyima hayo hayo maisha. Wallahi sijapata maelezo bora ya mwaka wangu wa pili Nairobi.

Maneno ya matumizi, yaani ya kuzimwaga, ni familia tofauti. Haya ni maneno ya mdomo na mikono: kula raha, kula ujana, kula bata, kuponda raha, kutanua, kumwaga, kufuja, kutapanya. Ponda mali, kufa kwaja. Yana furaha ndani yake, hata ukiyasema kwa kukemea ulimi unayafurahia. Na mara nyingi yanahitaji mashahidi yale yale. Chukua neno "pedeshee", ambalo limetufikia kwa njia ya muziki wa Kongo: mzizi wake ni herufi tatu za Kifaransa, PDG, cheo cha mkurugenzi mkuu wa kampuni. Pedeshee ni tajiri anayelipa ili mwanamuziki amtaje jina katikati ya wimbo. Usicheke. Sisi wa pwani tuna taarabu, na kwenye taarabu kuna kutunza: unainuka na noti, unatembea taratibu mpaka kwa mwimbaji, na unachagua vizuri ni ubeti gani uende nao ili mtu fulani ukumbini ajue ni yeye. Pesa zile hazinunui wimbo. Wimbo ungeimbwa tu. Zinanunua macho.

Sasa swali lililonisumbua ni hili: nani ana haki ya kumwambia mwingine "unajishaua"? Manake nilipoanza kusikiliza, niligundua neno hili lina mwelekeo. Linateremka. Kuna methali yetu isemayo maskini akipata, matako hulia mbwata. Ni methali ya kuchekesha, na nimeicheka tangu utotoni. Lakini tajiri akipata, matako yake hulia nini? Sijawahi kuisikia methali hiyo.

Historia ya mavazi katika pwani hii inatosha kumfanya mtu aache kucheka. Zama za utumwa, kofia, viatu na mwavuli vilikuwa alama za waungwana. Mtumwa alitarajiwa atembee pekupeku, kichwa wazi, na mwanamke mtumwa mwilini mwake ni kaniki au merikani, ile pamba ngumu isiyopakwa rangi iliyoletwa kwa meli kutoka Marekani. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Zanzibar, ameandika jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyofanya baada ya hadhi ya utumwa kufutwa kisheria huko mwaka 1897: walivaa. Walinunua kanga za rangi, doti kwa doti, wakafuata mitindo mipya, baadaye wakavaa na buibui lililokuwa la mabibi zao. Kwetu huku pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1907. Jaribu kufikiria mwanamke wa namna hiyo akipita barazani mara ya kwanza na kanga mpya. Unadhani wale waliokuwa wamekaa barazani walisema nini? Mimi sikuwepo, lakini nina hakika neno lilikuwa na -ji- ndani yake.

Hapo ndipo siwezi kukubaliana na wale wanaosema fahari yote ni upuuzi. Kiswahili hicho hicho chenye kujishaua kina kujiheshimu, kujistahi, kujisitiri, kujitegemea. -Ji- ni ile ile. Tofauti ya kujisitiri na kujionyesha inaweza kuwa kipande kimoja cha kitambaa, na mwamuzi huwa ni yule ambaye tayari anacho.

Sitaki pia kufanya mambo yawe mepesi. Mombasa ilikuwa na vyama vya lelemama vya wanawake, viwili vilivyovuma ni Ibinaal Watan na Banu Saada, vikishindana kwa ngoma, kwa sare na kwa karamu, kila kimoja kikitaka kumfunika mwenzake. Ilikuwa raha, ilikuwa umoja, ilikuwa mahali mwanamke anakuwa na cheo na sauti. Ilikuwa pia gharama, na mashindano ya kutoa hayajui kusimama: aliyechinja mmoja jana, leo mwenzake atachinja wawili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeendesha magazeti ya Sahifa na Al-Islah mwanzoni mwa miaka ya 1930, alikuwa mmoja wa waliokemea pesa za watu wa pwani kuishia kwenye sherehe na matanga huku elimu ikilala. Nikiwasoma wale kina mama nawapenda. Nikimsoma sheikh naona ana hoja. Nimeshindwa kuchagua, na nadhani ni sawa kushindwa.

Dada yangu yeye hana shida ya kuchagua. Nilipomweleza haya alinikata: "Wewe ukivaa raba, wanasema kijana amejipanga. Mimi nikipaka wanja nikaenda Ukunda, wanasema namtafuta mzungu." Ana haki. Mashauzi ni neno linalomfuata mwanamke. Mwanaume akimwaga pesa hadharani huitwa sonko, na sonko lina salamu ndani yake.

Na kwa kuwa ametaja Ukunda, twende huko kidogo, ni safari fupi. Pale Diani, baba yangu alipika miaka mingi chakula ambacho kilirudi jikoni nusu. Kamba wakubwa, samaki wa kupaka, mananasi yaliyochongwa yakawa maua. Mgeni anaonja, anaacha, anapiga picha. Sijawahi kumsikia mtu yeyote wa Kwale, hata bibi yangu mwenye ulimi ule, akisema mtalii anajishaua. Tunasema "ana pesa zake". Hao vijana wa ufuoni wanaovaa miwani ya jua usiku, hao ndio wanaojishaua. Mgeni anaruhusiwa.

Mheshimiwa pia anaruhusiwa. Umeshaona helikopta ikishuka kwenye uwanja wa shule: vumbi linaingia madarasani, watoto wanatolewa nje kushangilia, mtu anateremka amevaa saa ambayo ingejenga darasa, anagawa noti za mia, anapanda, anaondoka. Kwa miaka mingi hatukuwa na neno la kumwambia. Tulikuwa na makofi.

Ndiyo maana Juni 2024 ilinigusa hata mimi niliyekuwa mbali na barabara za Nairobi. Mambo yaliyowatoa vijana nje yalikuwa mengi, na la kwanza lilikuwa ule Mswada wa Fedha na kodi zake. Lakini kumbuka tulichokuwa tukitumiana kwenye simu wiki zile: picha za saa, za mikanda, za viatu, za magari, bei imeandikwa chini, jina la mwenyewe juu. Tarehe 25 watu wakaingia Bungeni, na wapo waliouawa siku hiyo. Tarehe 26 Rais akasema hatautia saini mswada. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona lile neno linapanda badala ya kuteremka. Watu waliambiwa, kwa sauti kubwa: mnajishaua, na kwa pesa zetu.

Kwa pesa zetu. Hapo ndipo niliponasa.

Manake kwenye taarifa ya habari hawasemi "kujishaua". Wana neno la suti: ubadhirifu. Ubadhirifu wa fedha za umma. Hakuna -ji- hapo. (Ukiniletea "ufujaji" nitakujibu kwamba ile ji ya mwishoni ni nyingine kabisa.) Maalimu wetu wa madrasa alitufundisha kwamba neno hilo limetoka kwenye Kiarabu cha kutawanya mbegu. Mkulima wa Mkongani haelezwi hilo mara mbili. Mbegu si mahindi ya kula leo. Mbegu ni mahindi ambayo mtu amejinyima akiwa na njaa, ili yaende ardhini. Ukizitupa juu ya jiwe hujatupa chakula chako peke yako, umetupa chakula cha mwaka ujao cha watu ambao pengine hawapo hapo kukuona. Ubadhirifu hauna -ji- kwa sababu haumrudii aliyeufanya. Unaenda kwa wengine.

Nilikuwa nimekaa na simu yangu, ile ile simu, nikituma picha ya saa ya mbunge na maneno makali chini yake, ndipo nikalikumbuka daftari. Shilingi 73,450. Nazi hamsini. Shilingi 50 za mwanamke aliyeomba asitajwe. Hizo zilikuwa nini kama si fedha za umma? Umma wake ni mdogo, unaenea chini ya mwembe mmoja, lakini ni umma. Na mimi nilikuwa nini?

Nilikuwa nimekasirika na bibi miaka yote ile kwa sababu nilidhani alinipa neno kubwa kuliko kosa langu. Kumbe alinipa dogo. Alikuwa na lile kubwa mdomoni, analijua, yeye ndiye aliyekuwa akinipeleka madrasa, na akanihurumia mbele ya mama. Nguo ya kuazima haisitiri matako, angeweza kuniambia hata hiyo. Alinichagulia neno la utani, neno la vijana na raba, lenye -ji-, ili deni lionekane ni langu na nafsi yangu tu.

Mtu ataniuliza: sasa zile kanga za waliotoka utumwani, na raba zako, zina tofauti gani? Zote si ni maskini kutaka kuonekana mtu? Ndiyo, na ile hamu siionei aibu hata leo. Mtoto wa Mkongani anayeingia darasa lililojaa watoto wa Nairobi anataka kuonekana mtu, na aliyemfanya ahisi si mtu bila raba nyeupe naye ana sehemu yake katika kesi hii. Lakini wale wanawake walinunua kanga kwa jasho lao wenyewe. Mimi hata hamu yangu niliilipia na mbuzi wa jirani. Swali la nani ana haki ya kung'aa silijibu kwa kuangalia mng'ao. Nauliza kwanza nani amelipa, na kama anajua kwamba amelipa.

Bibi alifariki mwaka 2022, kabla ya haya yote, kwa hivyo sikupata kumwambia. Mwaka jana nilianza kulipa, kidogo kidogo, ninapopata malipo ya makala. Mama ananitolea daftari sandukuni, nachagua jina. Wengine wanapokea na kunyamaza. Mwanamke wa maandazi alinirudishia 50 yangu na maandazi mawili juu yake, akasema yeye hakukopesha, alitoa, na kama ningetaka kumlipa ningemaliza chuo. Sikuwa na jibu la kumpa.

Nilipofika kwa jirani wa mbuzi nilikuwa na elfu moja mkononi, ya kwanza ya kumi au zaidi. Alikuwa anapanga maganda ya nazi ya kuwashia moto. Aliitazama ile noti, hakuishika.

"Zile raba zako bado zipo?"

"Zipo, mzee."

"Nzima?"

"Nzima. Sizivai."

"Basi nipe hizo. Kijana wangu hana kitu cha kuvaa Idi."

Nikamletea. Nilizisugua kwa dawa ya meno usiku kucha, mama akiniangalia tu. Asubuhi ya Idi yule kijana alipita njiani, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, na chini yake raba zangu, nyeupe kama nilivyozinunua. Alikuwa anatembea kwa kuzikwepa kokoto. Kina mama waliokuwa dukani wakamwita, "We! Mwone huyo anavyojishaua!" Wote wakacheka, naye akacheka.

Nilimfuata nyuma mpaka msikitini. Pale mlangoni akazivua, akatoa kitambaa mfukoni, akazifuta moja moja. Kisha akaziweka mbali kidogo na champali za watu wengine.